Tone la damu kwenye karatasi: namna ya kuisoma namba ya wingi wa virusi inayotoka kijijini

Mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU mjini Mbeya, na ndugu yake anayetumia dawa hizohizo kwenye kijiji cha mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Ludewa, wanaweza kupimwa wingi wa virusi mwezi mmoja na kila mmoja akapewa namba yake. Wa mjini alichomwa sindano kwenye mshipa wa mkono, damu ikaingia kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau. Wa mwambaoni alitobolewa kidole, matone yakaangukia kwenye karatasi, yakakauka, karatasi ikafungwa na kusafirishwa. Majibu yao yote yanasomeka "kopi kwa mililita", lakini namba hizo mbili hazipimiki kwenye mizani moja, na mara nyingi hakuna anayewaambia.

Hapo ndipo malalamiko yanapoanzia. "Mwaka jana nikiwa Mbeya virusi havikuonekana. Mwaka huu nimerudi kwa mama kijijini naambiwa nina kopi 1,300, na dawa sijaruka hata siku moja." Nesi naye, kwa kuwa ameona wengi wanaoficha, anajibu, "Dada yangu, niambie ukweli tu, sikugombezi." Inawezekana kabisa dada huyo amesema kweli tupu na mashine ya maabara nayo haikuharibika. Ili kuelewa inavyowezekana, inabidi kuifuata damu yenyewe kutoka kidoleni hadi maabara.

Nyanda za Juu Kusini zina sababu ya kulijua jambo hili kuliko kanda nyingine yoyote ya nchi. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022-23 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Maana yake hakuna ukoo mkubwa huku ambao hauna mtu anayekwenda CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kati ya waliokuwa kwenye dawa, zaidi ya tisa katika kila kumi virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Hayo ni mafanikio makubwa, na tunayajua kwa sababu kuna kipimo. Bila kipimo, mtu anaweza kumeza dawa miaka miwili, akanenepa, akalima shamba lake, na huku virusi vinapanda kimyakimya.

Kinachopimwa ni RNA, yaani vinasaba vya kirusi. Kila kirusi kinachoelea kwenye damu kimebeba nakala mbili za RNA. Mashine haivioni virusi kwa macho kama darubini. Inachukua RNA iliyomo kwenye sampuli na kuizidisha, mzunguko baada ya mzunguko, hadi itoe mwanga wa kutosha kusomeka. RNA ikiwa nyingi tangu mwanzo, mwanga unaonekana mapema. Ikiwa kidogo, mizunguko inakuwa mingi. Kutokana na idadi ya mizunguko, mashine inakadiria zilikuwa kopi ngapi. Neno "inakadiria" ni la kulikumbuka. Hata damu ileile ya mtu mmoja ikipimwa mara mbili, namba haziwi sawa, na wataalamu hawahesabu kuwa kuna badiliko la kweli mpaka tofauti ifike kama mara tatu. Aliyekuwa na kopi 1,200 akaja kuwa na 2,000 hajapanda. Yuko palepale.

Sampuli inayopendelewa ni plazma, ule umajimaji wa rangi ya manjano unaobaki juu damu ikishazungushwa na seli zote zikatuama chini. Na plazma ina masharti. Damu ikishatolewa inapaswa kuzungushwa ndani ya saa 24 ikiwa kwenye joto la kawaida, na vipimo vingine vinadai muda mfupi zaidi. Inahitaji mashine ya kuzungushia damu, umeme wa kuiendesha, mtu aliyefundishwa, friji, na kasha la barafu la kusafiria. Sasa chukua zahanati ya juu kabisa Makete kipindi cha mvua, au vijiji vya Ludewa vilivyobanwa kati ya milima ya Livingstone na ziwa, ambako watu hutegemea boti na mitumbwi. Ziwa likichafuka hakuna kinachoondoka. Chunya nako vipo vijiji vya wachimbaji ambavyo jua lake haliiachii damu nafasi ya kungoja. Saa 24 zinaisha sampuli ikiwa bado njia panda inasubiri bodaboda.

Karatasi iliondoa hayo masharti karibu yote. Wazo lenyewe ni la zamani: mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Guthrie wa Marekani alianza kupima watoto wachanga ugonjwa wa kurithi kwa kutumia tone la damu ya kisigino lililokaushwa kwenye karatasi. Kwetu, wauguzi wengi wa kliniki za mama na mtoto waliizoea karatasi hiyo kabla haijatumika kuhesabu virusi, maana ndiyo inayochukua damu ya mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU anapofikisha wiki nne hadi sita. Wao huiita DBS tu, kifupi cha Kiingereza cha tone la damu lililokaushwa.

Karatasi hiyo si ya kawaida. Ni nene, ya pamba, na ina duara tano zilizochapwa. Kila duara likijaa vizuri hubeba kama maikrolita 70 za damu, kiasi ambacho hakifiki hata sehemu ya kumi ya mililita moja.

Kuijaza ni kazi ya mkono wenye subira. Asubuhi ya Juni Makete, vidole vya mteja aliyetembea kwenye baridi ni vyeupe na damu haitoki, kwa hiyo mkono unapashwa kwanza: maji ya vuguvugu, au kusuguana viganja, kisha unaning'inizwa chini ya usawa wa moyo. Kinatobolewa kidole cha kati au cha pete, pembeni ya ncha, si katikati ambako maumivu hukaa siku nzima. Tone la kwanza linafutwa. La pili linaachwa likue lenyewe mpaka liwe zito, kisha linaangushwa katikati ya duara bila kidole kugusa karatasi. Damu inasambaa yenyewe hadi mstari na kupenya upande wa pili. Kidole hakikamuliwi kama chuchu ya ng'ombe, kwa sababu ukikamua unatoa maji ya mwilini yanayoipunguza damu. Tone haliongezwi juu ya lingine lililoanza kukauka. Maabara inaipokea karatasi na kuigeuza nyuma. Ikikuta damu haikupenya, au duara lina pete ya maji pembeni, au kuna mabonge, inaikataa. Mteja hajui. Anakuja kuambiwa baada ya wiki kadhaa kwamba atobolewe tena.

Halafu kuna kukausha, na hapa ndipo hali ya hewa ya kwetu inapoingia moja kwa moja. Karatasi inawekwa mlalo kwenye kishikizo chake, isigusane na nyingine, angalau saa nne, na ni bora ikalala usiku kucha. Haianikwi juani wala haisogezwi karibu na jiko la mkaa, kwa maana joto linaharibu. Nzi wasiifikie. Rungwe, ambako mvua inaweza kunyesha juma zima na nguo zikakataa kukauka kambani, saa nne hazitoshi kitu. Damu yenye unyevu bado ina vimeng'enya vinavyofanya kazi, na vimeng'enya hivyo vinaikatakata RNA vipande. Ukungu nao unaota. Ikikauka sawasawa, kazi hiyo yote inasimama na RNA inakaa katika joto la kawaida hadi wiki mbili bila friji. Ndiyo maana karatasi kavu inafungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu na kijikadi kinachobadilika rangi, kwa kawaida kutoka buluu kwenda waridi, unyevu ukiingia. Mhudumu anayekiangalia kijikadi hicho kabla ya kukabidhi mfuko kwa msafirishaji anaokoa kazi ya watu watano.

Ikishafungwa hivyo, hatari ya kumwambukiza anayeibeba ni ndogo mno. Hakuna chupa ya kuvunjika, hakuna barafu ya kuyeyuka. Inapanda boti, basi au bodaboda kama barua.

Hadi hapo sifa tupu. Sasa yale mawili ambayo mteja anapaswa kuyajua, kwa sababu yanavuta namba kwa pande mbili zinazopingana.

La kwanza linaipandisha. Karatasi inanyonya damu nzima: plazma pamoja na seli zake zote. VVU haviishi kwenye plazma peke yake. Vikiingia ndani ya seli ya CD4, ambayo ni seli ya kinga ya mwili, vinageuza RNA yao kuwa DNA na kuichomeka ndani ya vinasaba vya seli hiyo. Dawa haziiondoi hiyo DNA. Ndiyo akiba inayofanya virusi virudi mtu akiacha dawa, hata baada ya miaka kumi ya kufubaa. Baadhi ya seli hizo zina vipande vya RNA pia. Kwa mtu ambaye plazma yake ni safi, seli zilizokauka kwenye karatasi bado zimebeba mabaki hayo, na njia za awali za maabara zilikuwa zinazoa kila kitu na kukihesabu. Matokeo yake mtu aliyefubaa vizuri aliweza kuonekana ana kopi elfu moja na zaidi. Hilo ndilo linaloweza kumpata yule dada wa kopi 1,300.

Watengenezaji wa vipimo walilishughulikia. Njia moja ni kuloweka tone kwenye kimiminika laini kinachoviachia virusi huru na kuziacha seli zikiwa zimeng'ang'ania karatasi. Nyingine ni kutumia kemia inayozidisha RNA tu bila kuigusa DNA. Tatizo limepungua sana, ila halijaisha, na linajitokeza hasa kwa namba zinazozungukazunguka mstari wa 1,000, ambao ndio kikomo cha kuamulia kama virusi vimefubaa. Namba ya 60,000 haiwezi kusingiziwa seli. Hiyo ni virusi.

La pili linaificha. Maikrolita 70 za damu zina kama maikrolita 40 tu za plazma, kwa kuwa nafasi iliyobaki ni ya seli. Mtu mwenye kopi 100 kwa mililita ya plazma, ukipima mililita nzima unakutana na kopi 100. Kwenye tone lake unakutana na nne. Kati ya hizo nne, nyingine zinapotea wakati wa kukausha na kuloweka. Ni kama kutafuta mawe kwenye gunia la mchele wa Kyela kwa kuchota konzi moja: usipoliona jiwe, bado huwezi kuapa kwamba gunia ni safi. Mwenye kopi 1,000 tone lake linabeba kama 40, na hizo zinaonekana. Kwa hiyo chini ya mamia kadhaa ya kopi karatasi inaanza kuwa kipofu. "Haikugundulika" ya plazma inaweza kumaanisha chini ya 50 au chini ya 20. "Haikugundulika" ya karatasi inamaanisha haikufika mamia kadhaa.

Ukiyaweka pamoja, karatasi haifai kwa swali la "nina kopi ngapi hasa?" Inafaa kwa swali moja: je, virusi vimevuka 1,000, dawa zimeshindwa au hazimezwi inavyotakiwa? Shirika la Afya Duniani lenyewe lilisita. Mwongozo wake wa 2013 ulitaja kikomo cha juu zaidi kwa sampuli kavu, kati ya 3,000 na 5,000, kwa hofu ya zile namba zilizopandishwa na seli. Tatizo la kikomo hicho ni kwamba kiliwapitisha watu ambao dawa zao zilikuwa zimeshindwa kweli. Mwongozo wa 2016 ukakishusha hadi 1,000, sawa na plazma, pale ambapo plazma haipatikani. Naona ulikuwa uamuzi sahihi. Kumpa mtu kengele ya uongo kunamgharimu miezi mitatu ya wasiwasi na kurudia kipimo. Kumwambia yuko salama wakati dawa zimeshindwa kunaweza kumgharimu kinga yake na kuzaa virusi sugu.

Mwaka 2023 shirika hilo liliyagawa majibu katika makundi matatu: virusi havijafubaa, yaani zaidi ya 1,000, vimefubaa lakini vinaonekana, yaani 1,000 kushuka chini, na havigunduliki. Kutogundulika huko kulielezwa kuwa ni kwa kipimo na aina ya sampuli iliyotumika. Kwa mwenye virusi visivyogundulika anayeendelea kumeza dawa kama alivyoelekezwa, hakuna hatari ya kumwambukiza mwenza kwa njia ya kujamiiana. Kwa aliye chini ya 1,000, hatari ni karibu sifuri. Hili lina uzito kwa mtu wa kijijini anayeogopa kwamba upofu wa karatasi unamhatarisha mume au mke wake. Eneo ambalo karatasi hailioni liko lote chini ya 1,000. Asiache dawa, na ndoa yake isiingie mdudu kwa ajili ya hilo.

Kwa utaratibu wa Tanzania, kipimo cha kwanza hufanyika miezi 6 baada ya kuanza dawa, kisha kila mwaka kwa aliyefubaa. Majibu yakivuka 1,000, mteja habadilishiwi dawa siku hiyohiyo. Anaitwa kwa ushauri wa ufuasi wa dawa, mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, kisha anarudiwa kupimwa. Wengi hushuka. Tangu nchi ilipohamia kwenye kidonge chenye dolutegravir, virusi kuwa sugu kwa dawa ya daraja la kwanza si sababu ya kwanza ya kuifikiria. Sababu ya kwanza ni vidonge visivyomezwa, na nyuma ya vidonge visivyomezwa kuna mambo. Kijana yuko kambi ya mbao Mufindi na hataki wenzake waone kopo. Mama amesafiri kwenda msibani bila dawa akakaa siku kumi. Mganga wa kienyeji au mchungaji amemwambia amepona. Ushauri ni wa kuyatafuta hayo, si wa kumhoji mtu kama mshtakiwa.

Ningeomba mambo mawili tu yafanyike kwenye kila CTC. Aina ya sampuli iandikwe kwenye kadi ya mteja pembeni ya namba: "plazma" au "DBS". Ni neno moja, na lingezuia nusu ya ugomvi kati ya wateja na wahudumu. Na mtu aliyekuwa hagunduliki kwa plazma akipata namba iliyo juu kidogo tu ya 1,000 kwa karatasi, marudio yake yafanyike kwa plazma ikiwezekana kwa namna yoyote ile, hata kama itabidi yeye ateremke hadi hospitali ya wilaya. Mteja naye ana haki ya kuuliza, "Nesi, hii ni ya karatasi au ya chupa?" Si utovu wa adabu.

Karatasi nayo haifupishi foleni ya maabara. Sampuli ikifika mjini na kusubiri mashine iliyokwama kwa kukosa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, au majibu yakatoka na kukaa kwenye droo ya kituo hadi tarehe ya kliniki ijayo, urahisi wote wa kidole na bahasha umepotea. Ndiyo sababu mashine ndogo kama GeneXpert, ambazo hospitali nyingi za wilaya tayari zinazo kwa ajili ya kifua kikuu, zinafaa kutumiwa pia kwa wingi wa virusi pale majibu yanapohitajika haraka, ingawa nazo zinadai plazma. Kuna pia karatasi za kizazi kipya zenye utando unaozuia seli na kupitisha plazma tu, hivyo lile tatizo la kwanza linaondoka. Zinataka damu nyingi zaidi, kama maikrolita 140 kwa kila duara, ambayo si rahisi kuipata kwenye kidole chenye baridi.

Mtu ambaye sitaki asubiri bahasha ni mama mjamzito aliyekaribia kujifungua, au anayenyonyesha. Kwake namba hiyo haiamui mambo ya mwaka ujao. Inaamua mtoto apewe kinga ya namna gani na kwa muda gani, na mtoto hangoji. Kituo kikiwa na plazma ndani ya siku moja, apimwe kwa plazma. Kisipokuwa nayo, achukuliwe karatasi leo hii, sampuli iandikwe kuwa ni ya mjamzito ili maabara iitangulize, na mhudumu aandike namba ya simu ambayo majibu yakitoka itapigwa siku hiyohiyo.